Tribinali ya Mataifa na Daftari la Msikiti



  

Ijumaa iliyopita, tulipomaliza sala, mama mmoja wa msikiti huu alinisubiri mlangoni. Wengi mnamjua, lakini jina lake sitaliandika, kwa kuwa karatasi hii hutembea mbali kuliko sisi wenyewe. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake picha ya mtoto wa kiume mwenye shati jeupe la shule. Akaniambia: "Mualimu, wanasema Uganda imelipa. Mwanangu alikufa Juni ya mwaka 2000. Nimekwenda kuuliza, nikaulizwa nina karatasi gani. Sasa niambie wewe uliyesoma: bomu lile lilikuwa la Uganda au la Rwanda? Mimi sijui. Halikuja na paspoti."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia arudi Ijumaa hii, kama tunavyosema sisi waalimu tukikosa la kusema. Wiki nzima nimekaa na swali lake, na haya mnayosoma ndiyo niliyoyapata.

Vijana waliozaliwa baada ya vita husikia "Vita vya Siku Sita" kama wanavyosikia hadithi za mababu. Sisi tuliokuwapo hatusahau. Majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yaliyoingia nchini mwetu mwaka 1998 yakiwa marafiki, yaligombania mji usio wa yeyote kati yao. Yalipigana hapa Kisangani Agosti 1999, yakapigana tena Mei 2000, na mara ya tatu, tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, yakapigana mpaka tukadhani mji umekwisha. Mabomu yalikuwa yanavuka mto Tshopo, yanakwenda na kurudi, na sisi katikati. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliokuja baadaye walihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, majeruhi wapatao 1,700, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Wazee walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia nyasi zikishaumia ziende kushitaki wapi.

Hata hivyo nyasi zilishitaki, na hapo ndipo maudhui yetu ya leo yanapoanza.

Tarehe 16 Juni 2000, siku sita tu baada ya bunduki kunyamaza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio namba 1304. Ndani yake lilisema kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa watu waliokufa na mali iliyoharibika Kisangani. Shikeni neno hilo: serikali zote mbili. Kisha tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko La Haye, Uholanzi, ambako Leta yetu ilikuwa imeishitaki Uganda tangu Juni 1999, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuleta jeshi katika nchi ya mwenzake, kwa mauaji na mateso ya raia, na kwa kutowazuia askari wake kupora utajiri wetu. Pande mbili zikaambiwa zipatane juu ya fidia. Zikazungumza miaka karibu 10, zisipatane. Congo ikarudi La Haye mwaka 2015, na tarehe 9 Februari 2022 ikasomwa hukumu ya malipo: dola milioni 325. Milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa ardhi, zilipwe kwa mafungu 5 ya milioni 65 kila mwaka, tangu 2022 hadi 2026. Fungu la kwanza lilifika mwaka huohuo.

Na Rwanda? Leta yetu iliishitaki pia, Mei 2002. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama ileile, mahakimu 15 dhidi ya 2, ilijibu kwamba haina uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo. Haikusema Rwanda ina kosa, wala haikusema haina. Mlango wa kesi haukufunguliwa kabisa. Sababu ni kwamba tribinali ile huihukumu dola iliyokubali kuhukumiwa nayo. Uganda ilikuwa imetoa tamko la kukubali tangu mwaka 1963, na Congo tangu 1989. Rwanda haikutoa tamko kama hilo, na katika mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ilijiwekea sharti la kutopelekwa pale bila ridhaa yake. Basi tazameni, ndugu zangu: mji mmoja, siku zilezile sita, mto uleule, na makaburi yaleyale. Jeshi moja limehukumiwa na jingine limekwenda zake, na tofauti kati yao ni karatasi moja iliyotiwa sahihi miaka 37 kabla ya bomu la kwanza la Juni.

Kabla sijaendelea, mambo mawili. La kwanza, nasema Leta ya Rwanda na Leta ya Uganda. Sisemi Wanyarwanda wala Waganda. Humu msikitini wapo wanaosimama safu moja nasi ambao mama zao walizaliwa ng'ambo ya mpaka, na atakayechukua maneno yangu kuwafanyia ubaya atakuwa amenidhulumu mimi pia. La pili ni jambo ambalo Wakongomani hatupendi kulisimulia. Hukumu ile ya 2005, tunayoitaja kwa furaha, iliikuta Congo nayo na kosa: mwaka 1998 askari wetu waliushambulia ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa, na wanadiplomasia wa Uganda walitendewa vibaya pale na kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili. Suratul Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimame na uadilifu hata ushahidi ukitugeukia sisi wenyewe na jamaa zetu. Anayeipenda tribinali pale inapompa haki tu, huyo hapendi haki, anapenda kushinda.

Sasa turudi kwenye swali zito. Mahakama inayomngoja mshitakiwa akubali, je, ni mahakama?

Mara ya kwanza nilipoelewa jambo hili nilikasirika. Nikasema: mwizi gani atakubali kwa hiari yake kwenda mbele ya hakimu? Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alikuwa ananielezea kozi yake, yenye jina refu, filozofia ya haki na demokrasia katika ushirikiano wa kimataifa, naye akanituliza. Akasema: "Mjomba, fikiri kinyume chake. Kama tribinali ingeweza kumvuta yeyote kwa nguvu, nani angekuwa anavuta kamba? Wenye nguvu. Na wangemvuta nani? Sisi." Neno lake lina uzito. Ridhaa ni ngao ya mnyonge pia, maana bila hiyo wadogo wangeburutwa kila siku na wakubwa wasingeguswa kamwe. Kuna tribinali nyingine pale pale La Haye, ile inayohukumu watu binafsi wala si dola, na mtu wa kwanza kabisa kuhukumiwa nayo, Machi 2012, alikuwa kiongozi wa wapiganaji kutoka Ituri yetu. Alistahili kuhukumiwa, sina shaka. Lakini Marekani, Urusi na China si wanachama wa tribinali hiyo. Basi mpwa wangu hakukosea.

Hata hivyo moyo wangu haukutulia, kwa sababu ya kisa tunachokifundisha watoto wa madrasa bila kukifikiria sana.

Kabla ya utume, mtu wa Zabid, huko Yemen, alifika Makka na bidhaa. Akamuuzia Al-As bin Wail, bwana mkubwa wa ukoo wa Banu Sahm. Al-As akachukua mali, akakataa kulipa. Yule mgeni hakuwa na ukoo Makka. Alikwenda kwa mabwana wengine, wakamfukuza, maana nani atagombana na Al-As kwa ajili ya mtu wa kuja? Akapanda mlima wa Abu Qubays asubuhi, Makuraishi wakiwa wamekaa kuizunguka Kaaba, akapaza sauti juu ya dhuluma aliyotendewa. Akasimama Zubayr bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume, na koo kadhaa zikakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Wakala chakula, wakaapa kwamba hapatakuwa na mtu aliyedhulumiwa ndani ya Makka, awe mwenyeji au mgeni, isipokuwa wao watakuwa naye mpaka haki yake irudi. Wakaondoka wote pamoja kwenda kwa Al-As, wakachukua mali na kumrudishia mwenyewe. Huo ndio mkataba wa Hilful Fudhul. Mtume (s.a.w.) alikuwapo akiwa kijana, na baada ya utume alisema kwamba angeitwa kwenye mkataba kama ule hata katika Uislamu angeitika.

Angalieni walioapa: Banu Hashim, Zuhra, Taym na wenzao. Banu Sahm, ukoo wa Al-As, hawakuwamo. Hakuna aliyekwenda kuwaomba sahihi. Na kiapo hakikuwa cha Waislamu, kwa kuwa Uislamu ulikuwa haujaja. Kilikuwa cha watu wa koo mbalimbali waliokubaliana kwamba dhuluma ni dhuluma. Mimi naona huo ni ushirikiano wa kimataifa wa kweli, ijapokuwa mataifa yenyewe yalikuwa koo za mji mmoja. Ridhaa waliyoitafuta ilikuwa ya wale watakaomsaidia aliyedhulumiwa. Ya mdhalimu hawakuihitaji.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba Hilful Fudhul inajibu kila kitu. Makka ilikuwa mji mdogo. Al-As alikuwa anakutana na wale watu sokoni kila siku. Aibu peke yake ilikuwa nusu ya nguvu yao. Na waliokwenda mlangoni kwake walikwenda wenyewe kwa miguu yao. Leo, nani ataondoka kwake aende mlangoni pa dola? Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuna nchi 193, kila moja na kura yake, ndogo na kubwa sawa. Hiyo inafanana na demokrasia. Lakini uamuzi wenye meno uko kwenye Baraza la Usalama la nchi 15, na 5 kati yao zina uwezo wa kusema hapana, na hapana ya mmoja ikafunga midomo ya wote. Benki ya Dunia na Mfuko wa Fedha huhesabu kura kwa fedha aliyoweka kila mmoja, kama kampuni. Azimio 1304 lilitoka kwenye hilohilo Baraza la Usalama, tena bila mtu kulipinga. Lilisema Rwanda nayo ilipe. Na kwa Rwanda lilibaki maneno. Aya ya 9 ya Suratul Hujurat, inapozungumzia makundi mawili yanayopigana, inataja suluhu mara mbili, na ile mara ya pili, baada ya mdhalimu kuzuiwa, inaongeza neno la uadilifu. Najua aya hiyo ni ya waumini kati yao, sitaivuta nje ya mahali pake. Nasema tu kwamba suluhu zetu za Maziwa Makuu, tangu Lusaka mwaka 1999 hata Washington mwaka 2025, zimekuwa na ile suluhu ya kwanza mara nyingi, na ile ya pili mara chache.

Kuna mlango mwingine mdogo uliofunguka. Congo iliishitaki Rwanda pia mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, Tanzania, na mwezi wa Juni 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba ina uwezo wa kuisikiliza kesi. Kesi hiyo inahusu vita vya miaka ya karibuni, si mabomu yetu ya mwaka 2000. Lakini pale Rwanda ilikuwa imeridhia itifaki ya mahakama tangu zamani, na sahihi hiyo ya zamani ikatosha, hata leo isipopenda. Hivyo ndivyo ridhaa inavyoweza kugeuka kuwa haki: mtu anaahidi siku ya amani, anashikwa kwa ahadi yake siku ya vita. Ni kama ndoa. Ridhaa huulizwa siku ya nikahi. Mtu haulizwi upya siku ya kudaiwa matunzo.

Sasa mpwa wangu akanipa jambo jingine, nalo ndilo lililonirudisha kwa yule mama.

Alinieleza habari za Mmarekani mmoja, John Rawls, aliyekufa mwaka 2002. Mwaka 1971 alitoa kitabu juu ya haki. Aliwaza hivi: watu wanaotaka kupanga sheria za kuishi pamoja wawekwe nyuma ya pazia, asijue hata mmoja atazaliwa tajiri au maskini, mwenye afya au kilema. Hapo kila mmoja atachagua sheria ambayo hata akiangukia chini kabisa itamlinda. Nilipoelewa nilicheka, kwa kuwa kwetu mtoto anayegawa mhogo huambiwa achukue kipande cha mwisho, na hapo utaona anavyopima kwa uangalifu. Ni elimu hiyohiyo, ila yeye ameiandikia kitabu kikubwa.

Lakini mwaka 1999 mzee huyo aliandika kitabu kingine, juu ya sheria kati ya mataifa, na safari hii nyuma ya pazia hakuweka watu. Aliweka wajumbe wa mataifa. Congo mjumbe mmoja, Uganda mmoja, Uholanzi mmoja. Aliona kwamba mataifa yenye nafuu yana wajibu wa kuyasaidia yaliyolemewa, lakini mpango wa kugawa utajiri wa dunia kati ya mataifa hakuukubali. Wengine walimpinga. Mmoja wao, Mjerumani Thomas Pogge, alionyesha kitu ambacho sisi tunakijua bila kukisoma: yeyote akamataye nchi kwa bunduki, dunia humhesabu kuwa ana haki ya kuuza madini ya nchi hiyo na kukopa kwa jina lake. Mnunuzi haulizi amechaguliwa na nani. Mpwa wangu aliposoma hapo alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, huyu mtu alifika Kisangani?"

Na mimi nikauliza swali la kijinga la mualimu wa madrasa. Nyuma ya pazia la Rawls, yule mama wa picha yuko wapi? Kama wamekaa wajumbe wa mataifa tu, yeye hayupo. Yuko nyuma ya mjumbe wake, na kama mjumbe wake ni mwizi, au mvivu, au hamjui, basi haki yote iliyopangwa pale mezani itaishia mfukoni mwa mjumbe. Tribinali ya La Haye ndivyo ilivyo: sheria yake inasema wanaosimama mbele yake ni dola peke yake. Mama yule hawezi kushitaki pale. Leta humshitakia, Leta humpokelea. Kwa hiyo haki kati ya mataifa inasimama juu ya jiwe jingine, nalo ni swali la ndani: je, Leta yetu inamjua huyu mama? Watu husema demokrasia ni kupiga kura. Mimi naona, kwa habari hii yetu, ni kwamba anayepokea fidia kwa jina la watu aweze kuulizwa na watu hao, na akose usingizi akijua ataulizwa.

Je, aliulizwa? Ulianzishwa mfuko wa fidia kwa waathirika, na makao yake yakawekwa hapahapa mjini kwetu. Mwaka 2025, mwezi wa Septemba, Mahakama ya Kasasioni ya Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa sheria miaka 3 ya kazi ngumu kwa kufuja karibu dola milioni 20 zilizotakiwa kujenga gereza Kisangani, fedha zilizotoka katika fidia hiyo ya Uganda. Yeye mwenyewe alikana kosa. Simtaji jina, maana hukumu imeshatolewa na si kazi ya karatasi hii kumwongezea. Ninachouliza ni hiki: hata kama gereza lingejengwa, na kuta zake zikawa imara, ni nani alimwuliza mama yule kama damu ya mwanawe inunuliwe matofali ya gereza?

Mpaka hapa, ndugu zangu, nimewasema wengine. Waganda, Wanyarwanda, wakubwa wa Umoja wa Mataifa, wakubwa wa Kinshasa. Ni rahisi, na mimbari hupenda mambo rahisi. Lakini kuna jambo katika hukumu ya 2022 lililonipiga mimi.

Congo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipewa milioni 325. Congo ilidai raia 180,000 waliokufa. Mahakama ilisema ushahidi ulioletwa hautoshi kwa hesabu hiyo, ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Wapo waliosema mahakimu walitudharau, na sisemi mahakimu hawana udhaifu. Lakini fomu nyingi zilipelekwa bila hati ya kifo, bila karatasi ya hospitali, bila shahidi. Hakimu wa La Haye hakuwa hapa. Hakusikia tuliyoyasikia. Angejuaje?

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haizungumzii sala, wala saumu, wala hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inazungumzia kuandika deni na kuleta mashahidi. Nimeifundisha miaka zaidi ya 30. Na methali yetu inasema mali bila daftari huisha bila habari. Tulidhani ni methali ya wenye maduka.

Juni ile ya 2000 nilikuwa mualimu kijana. Siku ya tano, bunduki ziliponyamaza kidogo, wazee wawili, Mungu awarehemu, waliniita nyuma ya madrasa. Tuliosha maiti tulioweza kuwaosha. Wengine tuliwatayamamisha, maana maji yalikuwa yamekatika. Walikuwa 11. Wanne walikuwa watoto. Tuliwazika viwanjani, katika nyumba za watu, kwa kuwa makaburini hakufikiki. Mfukoni mwa kanzu yangu nilikuwa na daftari la madrasa, ambamo nilikuwa nikiandika nani amelipa ada na nani hajalipa. Kalamu nilikuwa nayo. Sikuandika jina hata moja. Nilijua nani ana deni la franka chache kwangu, nikaliandika. Deni la damu sikuliandika. Leo kati ya wale 11 nakumbuka majina 6. Wazee wamekufa. Mmoja wa wale watano niliowasahau huenda ndiye yule wa picha, mwenye shati jeupe. Mama yake aliniuliza kama namkumbuka, nami nilitazama chini.

Kwa hiyo, mama, jibu lako ni hili. Bomu lilikuwa la nani, sijui, na aliyelirusha huenda naye hajui liliangukia wapi. Dunia imepanga tribinali yake hivi kwamba jibu la swali lako linabadili kila kitu, na hiyo ni dhuluma, nami nimeisema. Lakini karatasi uliyoulizwa, hiyo ilikuwa kazi yangu.

Leo baada ya sala, vijana watatu wa jumuiya watakaa chini ya mwembe na daftari jipya la kurasa 200, lililonunuliwa kwa sadaka ya wiki iliyopita. Wanawake wataandikwa ndani ya chumba cha madrasa, na mke wangu ndiye atakayeshika kalamu. Kila aliyepotewa na mtu Agosti 1999, Mei 2000 au Juni 2000 aje aseme jina la marehemu, umri, avenyu aliyokaa, siku aliyokufa, alikozikwa, na nani alimwona. Aje na mashahidi wawili, hata kama ni majirani. Wakristo waambiwe pia, daftari si la Waislamu peke yao. Hakuna kulipa hata franka moja, na atakayeombwa fedha aje kwangu moja kwa moja. Nakala moja itabaki msikitini, moja kwa mkuu wa komini, na moja kwa avoka aliyekubali kutusaidia bila malipo.

Ukurasa wa kwanza umekwisha kujazwa, alfajiri ya leo. Penye mstari wa silaha tumeandika: bomu, la Uganda au la Rwanda, haijulikani.